Wastani wao ni sawa, lakini mtawanyiko utamwumbua shemeji yangu

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, katibu wa kikundi cha akina mama 14 tunaoanika dagaa kwenye mwalo mmoja (mahali mitumbwi inapotua) hapa Ilemela, Mwanza. Jina langu naomba lisitajwe. Kikundi kinataka kufunga mkataba wa miezi 6 na tajiri mmoja wa mitumbwi, atuletee dagaa wabichi kila usiku anaoingia ziwani. Wamebaki wawili. Mmoja ni mdogo wake mume wangu, yaani shemeji yangu. Wa pili anatoka mwalo wa jirani, hatuna undugu naye.

Kuandika ndoo ilikuwa kazi yangu. Ndoo ni ile ya lita 20, na kila mmoja nimemwandikia usiku 8 aliopeleka mitumbwi. Shemeji nilianza naye wakati wa giza, yaani usiku usio na mbalamwezi, nikaendelea naye mpaka mbalamwezi ikakolea: 28, 34, 31, 30, 12, 9, 10, 6. Huyu wa pili mitumbwi yake ilikuwa kwenye matengenezo, kwa hiyo nilimwandika giza liliporudi, usiku 8 mfululizo: 18, 22, 20, 17, 23, 21, 19, 20. Jumla ya kila mmoja ni ndoo 160, wastani 20.

Kwenye kikao mwenyekiti akasema kama wastani ni sawa, basi tumchukue wa nyumbani. Nikasema mbona namba zenyewe hazifanani. Kijana wa mwenzetu mmoja, anasoma chuo, akasema kinachotakiwa hapo ni mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani. Wote wakanigeukia: katibu, kautafute, utuletee pamoja na grafu. Nikaitika. Sikusema kwamba kidato cha nne hisabati nilipata F.

Nimeazima kitabu cha binti yangu wa kidato cha tano. Mara ya kwanza nilitoa 20 kwenye kila namba, nikajumlisha majibu, nikapata sifuri kwa shemeji na sifuri kwa mwenzake. Nikarudia mara nne, sifuri ileile. Baadaye nikafuata kitabu mstari kwa mstari, nikapata 10.97 kwa shemeji na 1.87 kwa huyu mwingine. Kijana naye kaja na laptop, kwake ni 11.72 na 2.00. Grafu yake ina mihimili miwili ya urefu mmoja, na juu ya kila mhimili kuna kijiti. Kijiti cha shemeji kinaanzia kama 16 kinaishia kama 24. Sasa kama mkengeuko ni karibu 12, kijiti kinakuwaje 4 juu na 4 chini? Niliona aibu kuuliza.

Shida kubwa iko nyumbani. Mume wangu kaliona daftari. Anasema kikao kilitaka wastani na wastani upo, hayo mengine ni kutafuta njia ya kumwaibisha ndugu yake. Na ni kweli shemeji ndiye aliyemlipia binti yetu ada mwaka jana. Lakini vichanja vyetu vinabeba ndoo 25 tu kwa mara moja. Zikizidi tunaanika mchangani, na mvua ikipiga ndiyo hasara yetu sote.

Niwaonyeshe akina mama huo mtawanyiko, nibaki kwenye wastani, au nijitoe nimwachie kijana? Naogopa pia kusimama mbele za watu na hesabu iliyokosewa.

Mama wa mwaloni, Ilemela

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mama, na pole kwa hizo usiku za daftari na taa. Tumeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Ndani yake kuna maswali matatu yaliyofungwa fundo moja: kama hesabu yako ni sahihi, kama namba zinasema kile unachodhani zinasema, na unadaiwa nini na nani kati ya ukoo na kikundi. Umeyabeba yote kana kwamba ni moja, ndiyo maana mzigo umekuwa mzito. Tuanze na hesabu, maana hapo hofu yako haina msingi.

Ile sifuri haikuwa kosa. Ukitoa wastani kwenye kila namba, zilizo juu na zilizo chini yake lazima zifutane, kila mara, kwa mtu yeyote. Wastani ndivyo ulivyo. Kwa sababu hiyo kila tofauti inazidishwa kwa yenyewe kwanza, ili alama ya kutoa ipotee, ndipo inajumlishwa. Kwa tajiri wa pili tofauti ni −2, 2, 0, −3, 3, 1, −1, 0. Zikizidishwa kwa zenyewe zinakuwa 4, 4, 0, 9, 9, 1, 1, 0, jumla 28. Kwa shemeji zinatoka 64, 196, 121, 100, 64, 121, 100 na 196, jumla 962. Gawanya, kisha tafuta kipeuo cha pili, ili jibu lirudi kuwa ndoo. Ukisahau kipeuo utabaki na “ndoo za mraba”, kitu ambacho hakuna anayekipima mwaloni.

Wewe na kijana mmeachana kwenye kugawanya tu. Wewe umegawanya kwa 8: 28 ÷ 8 ni 3.5, kipeuo chake 1.87. Yeye amegawanya kwa 7: 28 ÷ 7 ni 4, kipeuo chake 2.00. Kwa shemeji vivyo hivyo, 962 ÷ 8 inakupa 10.97 na 962 ÷ 7 inampa 11.72. Hakuna aliyekosea hesabu. Mmejibu maswali mawili tofauti.

Kama usiku hizo 8 ndizo zote mnazotaka kuzizungumzia, gawanya kwa 8. Lakini kikundi kinataka kukisia miezi 6 ijayo, na usiku 8 ni sampuli tu ya hiyo miezi. Wastani wa 20 umeupata kutoka kwenye namba hizohizo 8, kwa hiyo umekaa karibu nazo kuliko ambavyo wastani wa kweli wa msimu ungekaa, na jumla ya tofauti hutoka ndogo kidogo. Tena, kwa kuwa tofauti zote lazima zijumlike sifuri, ukishazijua 7, ile ya nane haina uhuru wake. Kugawanya kwa 7 kunarekebisha hilo. Kwenye Excel, programu ya hesabu ya kompyuta, ya sampuli inaitwa STDEV.S na ile uliyofanya wewe ni STDEV.P. Kwenye kikokotoo cha binti yako tafuta σn-1 au sx kwa sampuli, σn au σx kwa ile nyingine. Kwa kazi yenu tungetumia ya sampuli, na tungeandika pembeni kwamba tumegawanya kwa 7, ili mwingine asije na 10.97 akadhani mmedanganya.

Ukitaka kujihakiki bila kumwuliza mtu, iko njia ya pili. Zidisha kila idadi ya ndoo kwa yenyewe, jumlisha, kisha toa idadi ya usiku mara wastani mara wastani. Kwa tajiri wa pili, 3,228 toa 8 × 20 × 20, yaani 3,200, inabaki 28. Kwa shemeji, 4,162 toa 3,200 inabaki 962. Njia mbili zikikutana hapo, simama bila wasiwasi. Angalia mambo mawili tu. Ukibonyeza −3 na alama ya mraba bila mabano, vikokotoo vingi vitakupa −9 na jumla yako itaharibika kimyakimya. Na usikate desimali za wastani mapema. Hapa wastani umetoka 20 kamili, lakini ukitoka 30.75 uubebe hivyohivyo mpaka mwisho.

Sasa kile kijiti. Ulikuwa na haki ya kuuliza. Gawanya 11.72 kwa kipeuo cha pili cha 8, ambacho ni 2.83, utapata 4.14. Ishirini toa 4.14 ni karibu 16, ongeza 4.14 ni karibu 24. Kijana amechora kosa sanifu la wastani. Kijiti hicho kinaonyesha wastani wenyewe ungeweza kuyumba kiasi gani kama mngepima usiku 8 nyingine. Hakisemi usiku mmoja huleta ndoo ngapi. Programu za kompyuta huruhusu kuchora chochote kati ya hivyo viwili, na mchoro usipoandikwa ni kipi, msomaji hujichagulia. Akina mama wakikiona watadhani usiku wa shemeji huwa kati ya ndoo 16 na 24. Fungua daftari lako: hakuna hata usiku mmoja kati ya hizo 8 ulioangukia hapo.

Hapo ndipo tunapotaka ukae nasi kidogo, maana pana jambo ambalo barua yako imelitaja kwa mstari mmoja na kulipita.

Chora histogramu ya shemeji kwa mkono, yaani mihimili inayoonyesha ni usiku ngapi zimeangukia kwenye kila kundi la idadi ya ndoo. Ukitumia makundi ya ndoo 20 (0 hadi 19, 20 hadi 39), unapata mihimili miwili sawa, usiku 4 kila upande, na hujajifunza kitu. Ukitumia makundi ya 10, unapata 2, 2, 1, 3, yaani kama uwanja usio na kilima. Tumia makundi ya 5, kuanzia 5 hadi 9: usiku 2, kisha 2, kisha 0, kisha 0, kisha 1, kisha 3. Katikati pamebaki wazi, kuanzia 15 mpaka 24, na wastani wa 20 umekaa ndani ya huo uwazi. Hilo halionekani kwenye namba 11.72. Halionekani hata kwenye grafu ya kisanduku, ile inayochora robo ya kwanza, namba ya kati na robo ya tatu. Kisanduku cha shemeji kingeanzia 9.5 kikaishia 30.5, mstari wa kati ukiwa 20, kana kwamba hapo katikati pamejaa. (Cha mwenzake kinatoka 18.5 mpaka 21.5.) Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alitengeneza makundi manne ya namba yenye wastani na mkengeuko unaolingana karibu kabisa, lakini ukiyachora kila moja lina sura yake. Kwa hiyo kikao kilipokuagiza ulete na grafu, kilikuagiza jambo la maana.

Vilima viwili vyenye bonde katikati kwa kawaida vinaashiria kwamba vitu viwili tofauti vimechanganywa kwenye orodha moja. Na wewe unavijua. Usiku nne za kwanza zilikuwa giza, nne za mwisho mbalamwezi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvutwa na mwanga wa taa, iwe karabai au taa za sola, na mbalamwezi ikishakolea taa hiyo haina nguvu tena, ndiyo maana wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Tenga orodha. Giza: 28, 34, 31, 30, wastani 30.75. Mbalamwezi: 12, 9, 10, 6, wastani 9.25. Jumla ya tofauti zilizozidishwa kwa zenyewe ni 18.75 kwa kila kundi. Gawanya kwa 3, unapata 6.25, na kipeuo chake ni 2.5. Mkengeuko wa karibu 12 umeshuka mpaka 2.5 pande zote mbili, hauko mbali na ule 2.00 wa mwenzake, ambaye usiku zake zote 8 zilikuwa za giza.

Mama, je, ulikuwa unalinganisha watu wawili, au ulikuwa unalinganisha giza na mbalamwezi? Tunauliza kwa upole, kwa sababu barua yote imesimama juu ya dhana kwamba mtawanyiko utamwumbua shemeji yako. Huenda ukweli ni kinyume, kwamba kwenye giza huleta nyingi kuliko mwenzake. Huenda pia sivyo, kwani usiku 4 ni chache mno. Na mbalamwezi ya huyu wa pili hamjaiona hata usiku mmoja. Huenda akaleta 8, huenda asiingie kabisa ziwani.

Lakini tahadhari hiyohiyo ina ncha ya pili. Ukisimama kwenye kikao na kuitenga orodha ya shemeji yako ili mkengeuko ushuke, watakaokuona si watakwimu. Ni wenzako 13 wanaojua ni mdogo wake mumeo. Kuzigawa namba baada ya kuziona, mpaka zipendeze, ni kosa ambalo hata wasomi huliangukia. Pa kuegemea ni mahali pamoja tu: tarehe ziko kwenye daftari, na sababu ya giza na mbalamwezi ilijulikana na kila mtu mwaloni kabla wewe hujashika kalamu.

Tuzitazame njia ulizozitaja. Kubaki kwenye wastani kunaleta utulivu nyumbani wiki hii. Lakini hilo bado liko mikononi mwako? Kijana ana namba zote kwenye laptop. Na kuna hesabu nyepesi ambayo mwanakikundi yeyote anaweza kuifanya: kwa vichanja vya ndoo 25, zile usiku nne nzito za shemeji zilizidi kwa 3, 9, 6 na 5, jumla 23, kwa hiyo kati ya 160 zilizotosha vichanjani ni 137. Za mwenzake zilitosha zote. Hiyo ndiyo bei ya mtawanyiko kwenu, na inaeleweka bila neno mkengeuko. Inazaa swali lingine pia, kama dawa iko kwa tajiri au kwenye kuongeza vichanja.

Kuonyesha kila kitu kunakuweka huru mbele ya kikundi, lakini 11.72 na 2.00 zikisomwa bila tarehe zitamwonea mtu ambaye kosa lake huenda ni kupimwa mwezi ukiwa angani. Kumwachia kijana kunakuondolea maneno ya undugu, na labda ni nafuu kwa ndoa yako. Ila yeye hana tarehe, na mchoro wake una kijiti kisichoandikwa. Ukimwachia, mpe daftari lote.

Ipo na njia ambayo hukuitaja: kuomba muda, muwapime wote wawili usiku zilezile, mzunguko mzima wa mwezi, ambao ni siku kama 29 na nusu. Mngekubaliana mapema ipi itaitwa giza na ipi mbalamwezi, usiku asioingia mtu ziwani iandikwe vipi, na ndoo ifutwe sawa na ukingo, isiwe mmoja anapimiwa iliyofurika. Anayeandika angeweza kuwa mtu mwingine. Gharama yake ni kwamba matajiri wanaweza kuchoka kungoja, na mwenyekiti anaweza kuona mnavuta kamba. Mnaweza pia kupima mwezi mzima mkakuta hali ileile, na utakuwa umerudi kwenye swali lako la mwanzo, safari hii bila mwezi wa kulaumu.

Kuhusu mumeo, hatudhani amekosea kumjali ndugu yake. Huenda anaona daftari kama mashtaka kwa sababu ameona namba moja tu. Chora mstari wa siku kwa siku, tarehe chini, ndoo pembeni kuanzia sifuri, mweke naye aitazame. Ujue tu kwamba akiiona 30.75 anaweza kukusukuma upande wa pili, useme hiyo peke yake. Na ile ada, mama, ni wema mliofanyiwa ninyi wawili. Je, inawezekana kuushukuru kwa njia ambayo haipiti kwenye mfuko wa wenzako 13? Hilo mnalijua ninyi.

Kabla ya kikao, fanya jambo moja. Andika orodha zote mbili kwenye karatasi safi, uzipe majina A na B, na umpe binti yako akokotoe bila kumwambia ipi ni ya baba yake mdogo. Mwache atumie kikokotoo chake, wewe tumia kalamu. Mkikutana kwenye 28 na 962, mfundishe na yeye kuchora makundi ya tano tano, na umwulize anaona nini hapo katikati.